Shajara ya mradi: nyekundu ya kisutu kwenye filamu, hapa Moshi

Oktoba, mwanzoni

Mradi ni mdogo. Nataka rangi ninazoweza kuziamini kwenye filamu ya negativu kabla sijaanza kuhangaika na picha za maana. Nyekundu iwe nyekundu, na sura ya mtu ifanane na mwenyewe. Hayo mengine baadaye.

Kamera ni Pentax K1000, toleo lililoanza kuuzwa mwaka 1976. Betri yake ndogo kazi yake ni kipima mwanga peke yake. Ikifa, kamera inaendelea kupiga. Lenzi ni ya milimita 50. Filamu nimechagua moja, Kodak Gold 200, na sihami mpaka niijue tabia. Wenzangu wamenibishia sana, maana kila mmoja ana filamu anayoisifia. Lakini anayeanza akibadilisha filamu, mahali, saa na dawa kwa mkupuo mmoja, picha ikitoka ya kijani atamlaumu nani?

Filamu zimekuja na basi kutoka Nairobi. Nilimwomba shemeji asiziweke kwenye buti wala karibu na dashibodi, azibebe mkobani. Joto linazeesha filamu, na tabaka zake hazizeeki sawasawa, ndipo rangi inapoanza kwenda upande. Kwa ndugu wanaokuja kwa ndege kupitia KIA ombi ni jingine: filamu isiwekwe kamwe kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege, na kule kwenye mashine mpya za CT (zile za eksirei kali) za mizigo ya mkononi waombe ikaguliwe kwa mkono.

Kitu cha kufanyia majaribio ni kanga ya kisutu ya mama. Wenye studio zao wananunua kadi za rangi. Kisutu kina nyekundu, cheusi na cheupe kwenye kitambaa kimoja, na hakuna mtu Moshi asiyejua nyekundu ile inavyotakiwa kuonekana.

"Kanga yangu unaipeleka juani kufanya nini?"

"Kuipiga picha, mama."

"Kanga tupu? Bila mtu?"

Akatoa, kwa sharti irudi imefuliwa na kupigwa pasi.

Oktoba, wiki hiyohiyo: jua la utosini

Moshi iko kusini mwa Ikweta kwa nyuzi 3 na kidogo, kwa hiyo jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Oktoba, na tena kabla ya katikati ya Machi. Na kwa kuwa saa zetu zinafuata longitudo ya 45 Mashariki wakati sisi tuko kwenye 37 na ushei, jua halifiki utosini saa sita kamili. Mwezi huu linafika kama saa sita na dakika ishirini.

Nimesimama na kanga karibu na Mnara wa Saa wakati huo. Kanga haina shida, imetandazwa. Shida ni watu. Macho yao yanazama kwenye vivuli vya nyusi, pua inaangusha kivuli mdomoni, na mwenye kofia anapotea uso wote. Watu wa bodaboda pale wamenishauri nirudi jioni, na wako sahihi kuliko kitabu chochote. Kwa picha za watu, saa yangu ni kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi, halafu kuanzia saa kumi alasiri. Katikati ya hapo napiga vitu, au namvuta mtu kivulini.

Jaribio la kwanza ndilo hili. Kanuni ya zamani inasema: kwenye jua kali weka tundu la lenzi f/16 na kasi iliyo karibu na namba ya ISO, yaani wepesi wa filamu kuona mwanga. Kwa filamu ya 200 hiyo ni 1/250 ya sekunde. Nikapiga kisutu kwa kasi hiyohiyo, nikibadilisha tundu peke yake: f/22, f/16, f/11, f/8, f/5.6, f/4. Kila fremu inapata mwanga maradufu ya iliyotangulia. Kwenye kona ya kanga nimebana karatasi yenye namba ya tundu, kwa sababu filamu haikumbuki chochote.

Oktoba, katikati: majibu

Fremu ya f/22 imenifundisha kuliko nyingine zote. Nyekundu imekuwa ya tofali, inavuta hudhurungi. Nyeusi si nyeusi tena, ni kijivu chenye ukijani, na chembechembe zimejaa. Kwenye f/16 nyekundu imerudi, ila mikunjo ya kitambaa upande wa kivuli bado ina uchafu kidogo. Kwenye f/11 kila kitu kimekaa: nyekundu ni ya kisutu, nyeusi ni nyeusi, na kwenye nyeupe unaona hadi nyuzi. f/8 karibu ni sawa na f/11. Hata f/5.6 inafaa kabisa. Kwenye f/4 nyeupe imeanza kupoteza mikunjo, lakini nyekundu haikutoroka.

Sababu iko ndani ya filamu. Ina tabaka tatu kuu, moja inaona bluu, nyingine kijani, nyingine nyekundu, na baada ya kusafishwa kila moja inabaki na rangi yake: njano, majenta na sayani. Mwanga ukitosha, tabaka hizo tatu zinapanda kwa mwendo mmoja. Mwanga ukiwa mdogo sana kila moja inakwenda kivyake, na ukija kulazimisha picha iwe na mwanga wakati wa kuskani, tofauti hiyo ndiyo unayoivuta juu. Ule ukijani wa kwenye nyeusi ndio huo.

Nilipompelekea mkanda mzee mmoja aliyekuwa na studio mjini enzi za filamu, hakuangalia picha kwenye simu hata kidogo. Aliunyanyua dirishani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hii nyembamba umeipigaje?"

"f/22, mzee. Ni jaribio."

"Filamu ya rangi ni ng'ombe wa maziwa, mwanangu. Ukimnyima majani asubuhi, jioni usiilaumu ndoo."

Akanionyesha negativu nzito, zilizopata mwanga mwingi, zile za f/11 na f/8, akasema kwenye studio yake hizo ndizo alizokuwa anachapa bila kuhangaika. Tangu siku hiyo kitufe cha ISO kwenye kamera yangu kiko 100 ingawa filamu ni 200. Maana yake kila picha inapata hatua moja ya mwanga zaidi, yaani maradufu. (Anayetumia filamu ya slaidi, ile inayotoa picha yenyewe badala ya negativu, asiniige. Slaidi ni kinyume: ukizidisha hatua moja tu, sehemu nyeupe zimekwenda na hazirudi.)

Novemba: mijakaranda

Imechanua, na kila mwenye simu yuko chini yake. Nimepiga mti mmoja asubuhi, mwanga wa kutosha, kisutu pembeni kama shahidi. Kisutu kimetoka sawa. Maua yametoka na upinki ambao jicho langu halikuuona pale.

Hili si kosa la mwanga. Kuna maua ya bluu na zambarau yanayorudisha mwanga mwingi wa mwisho kabisa wa upande wa nyekundu, mwanga ambao jicho haliujali lakini filamu inaona. Wapiga picha za bustani wanalijua jambo hili miaka mingi. Nimeacha zambarau iwe jinsi filamu ilivyotaka. Kuivuta kwa nguvu kwenye kompyuta kunaharibu anga yote.

Novemba, mwishoni: migombani na sokoni

Hapa ndipo mradi ulipopata utamu.

Nilikwenda Kibosho kwa shangazi, nikampiga picha kwenye kihamba, shamba la nyumbani, katikati ya migomba, saa nne asubuhi. Kwa macho kivuli kile kinapendeza: laini, hakuna makali. Mwanga nimepima vizuri, negativu ni nzito kama mzee anavyotaka. Lakini shangazi ana ukijani shavuni na chini ya kidevu, na gauni lake jeupe limekuwa la rangi ya pera bichi. Mwanga wote uliomfikia umepita kwenye majani ya mgomba au umegonga majani na kurudi. Ubongo unausamehe ukijani huo papo hapo. Filamu ya kawaida imetengenezwa kwa mwanga wa mchana wa kama kelvini 5500, na haina huruma hiyo.

Nikirekebisha kwenye kompyuta uso unapona, ila migomba nyuma yake inakauka, inakuwa kama ya kiangazi. Dawa ilikuwa kumwomba shangazi asogee hatua chache hadi ukingoni mwa uwanja wa nyumba, bado yuko kivulini, lakini uso unatazama anga iliyo wazi na migomba iko mgongoni. Kulikuwa na ukuta uliopakwa chokaa upande wa kushoto, ukamrudishia mwanga mweupe. Picha hiyo sikuigusa.

Mbuyuni ni kesi nyingine. Wauza nyanya wanakaa chini ya maturubai ya bluu. Nusu ya uso inapata bluu ya turubai, nusu inapata jua lililopenya pembeni, na nyanya zilizo juani zinawaka wakati zilizo kivulini zimekuwa za zambarau. Hakuna skana itakayotatua hilo, kwa sababu ukiondoa bluu upande mmoja unaongeza njano upande wa pili. Kwenye mwanga wa rangi mbili inabidi uchague mmoja. Nilimwomba mama mmoja ageukie njia, mahali ambapo anga ndiyo inayomwangaza. Alikubali baada ya mimi kununua nyanya za kutosha kupika kwa wiki.

Ndani ya nyumba usiku ni hivyohivyo. Balbu ya zamani ya waya inatoa njano inayovuta chungwa; tyubu ndefu za dukani zinavuta kijani. Kuna kichujio cha bluu cha 80A kwa balbu hizo za waya, lakini kinakula hatua mbili za mwanga, na kwa filamu ya 200 chumbani hiyo maana yake ni kamera ya kwenye miguu mitatu na mtu asiyepumua. Kwa sasa usiku naacha.

Desemba: ngozi zetu

Likizo, ndugu wamejaa, kazi imekuwa nyingi. Hapa kipima mwanga cha K1000 kinahitaji kueleweka. Kinapima wastani wa fremu, kikiamini kwamba kila kitu duniani kikichanganywa kinatoa kijivu cha kati. Binamu yangu mweusi, shati jeupe, ukuta mweupe wa kanisa nyuma yake: kipima mwanga kinaona weupe mwingi, kinasema punguza. Ukimtii, ukuta unatoka kijivu na uso wa binamu unaangukia kule kwenye ukijani na chembechembe. Ndiyo maana watu wengi wanadhani filamu haipendi ngozi nyeusi.

Filamu nayo ina historia yake hapo, tusiitetee sana. Kwa miaka mingi maabara zilisawazisha rangi kwa kadi ya Kodak iliyoitwa kadi ya Shirley, yenye picha ya mwanamke mzungu, na yeye ndiye aliyekuwa kipimo cha ngozi "ya kawaida". Malalamiko yaliyosaidia kusukuma mabadiliko yalitoka hata kwa watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha za mbao, ambao hudhurungi zao hazikuwa zinatofautiana kwenye picha za matangazo. Filamu za leo zimetengenezwa upya na zinaziona hudhurungi vizuri, ila kipima mwanga cha kamera bado ni kilekile cha wastani.

Ninachofanya: naingia karibu hadi uso ujaze fremu, napima hapo, nafunga namba, narudi nyuma, napiga, hata kama sindano inalalamika. Kwa uso mweusi sana kipimo cha karibu kinaongeza mwanga kuliko unaohitajika, pengine hatua moja au zaidi, na negativu inaubeba bila matatizo. Siku hizo narudisha ISO kwenye 200, nisiongeze juu ya nyongeza.

Bibi, aliyepigwa hivyo kibarazani saa kumi na moja jioni, ana wekundu wa joto kwenye mashavu ambao sijawahi kuuona kwenye picha zake za simu. Mama ameikata kauli: "Huyu sasa ni mama mkwe." Hiyo nimeihesabu kama cheti.

Januari: kusafisha nyumbani

Nilikuwa nawapa watu wanisafishie, na mikanda miwili iliyopigwa vilevile ikarudi na rangi mbili. Sasa nasafisha mwenyewe. Mchakato ni C-41, uleule tangu mwaka 1972, na nilishangaa jinsi ulivyo rahisi mtu akiheshimu joto. Dawa ya kwanza inataka nyuzi 37.8 za Selsiasi kwa dakika 3 na sekunde 15. Si 35, si 40. Ikipoa, tabaka za chini hazifikiwi sawa na ya juu, na rangi inakwenda upande hata kama ulipiga kwa ufundi wote.

Beseni kubwa la maji ya moto, chupa za dawa zimezama hadi shingoni, tanki nalo limo humohumo. Naanza beseni likiwa juu kidogo ya 38, nasubiri, kipimajoto kiko ndani ya chupa ya dawa na si ndani ya beseni, maana beseni linadanganya. Birika la maji ya moto liko pembeni kwa kuongezea. Umeme ukikatika, jiko la gesi halijali. Dawa ya pili, inayong'oa fedha kwenye filamu, haina makuu: ikizidi dakika moja haiharibu kitu.

Maji ya mwisho natumia ya kunywa ya chupa, kwa sababu ya bomba yanaacha madoa meupe. Mkanda unaning'inia bafuni, mlango umefungwa, baada ya kumwaga maji sakafuni ili vumbi litulie. Glovu ni lazima, vyombo vya dawa havirudi jikoni, na dawa iliyotumika ina fedha ndani yake: nimeihifadhi kwenye madumu, haiendi kwenye mfongo, mfereji ambao watu huko chini wanamwagilia mboga.

Chupa ya dawa ya kwanza ijae hadi mdomoni. Hewa ikibaki ndani, dawa inageuka rangi ya chai na nguvu inaisha.

Januari, mwishoni: mlima na skani

Mwezi huu jua liko kusini kwetu, kwa hiyo upande wa Kibo tunaouona Moshi unapata mwanga wa moja kwa moja. Mwezi Juni jua hupita kaskazini, na uso huohuo unabaki kivulini na kuvuta bluu, tena mawingu yakiruhusu. Anayetaka mlima wenye rangi kutoka upande huu aje sasa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla vumbi na mawingu havijaamka.

Skani ndiyo imenichukulia muda mwingi kuliko vyote. Ile rangi ya chungwa ya negativu si uchafu. Imewekwa makusudi kusahihisha kasoro za majenta na sayani, na kila programu inapaswa kuiondoa kwanza. Napiga negativu kwa kamera ya dijitali juu ya kioo chenye taa nyeupe, kisha nageuza kwa darktable, programu ya bure, ambayo tangu toleo la 3.2 la mwaka 2020 ina moduli inayoitwa negadoctor. Unaichagulia kipande cha filamu kisichopigwa, pale kati ya fremu na fremu, inajua chungwa la mkanda huo. Basi.

Jambo moja limebadilisha kazi yangu yote: naseti fremu yenye kisutu, halafu nanakili seti hiyo kwa mkanda mzima. Nilipoiacha programu ijisahihishe kwa kila fremu, kisutu kilekile kilitoka na nyekundu tatu, kwa sababu penye migomba mingi ilidhani kuna kijani cha kuondoa, na penye machweo ikaondoa machweo yenyewe. Mlima ule wa alfajiri una kivuli cha bluu kwenye theluji. Otomatiki inakifuta. Mimi nakiacha, maana ndivyo kilivyo.

Februari: filamu nyingine, hatimaye

Ektar 100 na Portra 400, kwa mpango uleule wa kisutu na namba za tundu. Ektar ina nyekundu kali, inafaa kwa kanga, mabati ya rangi na kahawa iliyoiva mtini. Kwa watu siipendi; wekundu wa ngozi unazidi. Na ukiinyima mwanga, vivuli vinakwenda bluu haraka kuliko Gold. Portra ni mpole, nyekundu yake imetulia, na inavumilia mwanga mwingi kupita kiasi bila kulalamika. Bei yake ndiyo inayolalamikisha. Nimerudi kwenye Gold kwa kazi za kila siku.

Machi: kuchapa

Duka la picha mjini, mashine nzuri, kijana mchangamfu.

"Dogo, zima otomatiki, chapa kama ilivyo."

"Bro, bila otomatiki mashine haijui rangi."

"Lawama zangu."

Tumechapa mbili za kisutu, moja kwa otomatiki, moja bila. Ya otomatiki ina nyekundu inayovuta chungwa, kwa kuwa ukuta nyuma ulikuwa wa samawati na mashine imeuona ni kosa. Ameziweka kaunta pamoja, akaita mwenzake aje kuona, na zilizobaki amezichapa zote otomatiki ikiwa imezimwa bila mimi kusema tena.

Mvua zimekaribia. Kwenye kamera kuna filamu ya 400 iliyosetiwa 200. Chini ya wingu zito naanza na f/5.6 kwa 1/250, stesheni ya reli, saa tatu asubuhi. Nataka kujua mabati yenye kutu yanatoka rangi gani yakiwa yamelowa.